Mto nao hupumua: Safari ya majitaka kutoka chooni hadi Msimbazi

Leo tunaongelea jambo ambalo wengi wetu tukilisikia tunaziba pua na kucheka, nalo ni kinyesi. Usifunue ukurasa mwingine kwanza, rafiki. Kila mmoja wetu anakwenda chooni kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza, "Baada ya pale, mzigo wangu unaelekea wapi?"

Somo hili lilianza siku niliyokwenda na vijana wa klabu moja ya afya kutembelea bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Tulisimama ukingoni. Maji yalikuwa meusi, yana povu, na harufu ndiyo usiseme. Ng'ambo watoto watatu walikuwa wanaogelea huku wanacheka. Kijana mmoja akaniuliza, "Dada, yale mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yanamwaga maji yake humu. Sasa yanausafisha mto au ndiyo yanauchafua?"

Kabla sijajibu, mwenzake aliyekuwa kimya muda wote akadakia, "Na mchicha wetu je? Mama analima hapa bondeni, na mimi nimesomeshwa kwa mchicha huo huo. Ukisema maji ni sumu, dada, sisi tule nini?"

Nikanyamaza. Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na jibu la haraka haraka lingekuwa la uongo. Basi tuyachukue moja baada ya jingine, taratibu.

MTO NAO HUPUMUA

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe. Unashuka ukikatiza jijini, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, halafu unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, kwenye mikoko. Njiani unapokea vijito vingine, kama Ubungo na Luhanga, pamoja na kila kinachotoka kwenye mitaro ya mitaa.

Samaki, konokono na wadudu wa majini wanahitaji oksijeni kama sisi, ila wao wanaitumia ile iliyoyeyuka ndani ya maji. Nayo si nyingi. Maji safi yenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kwa kila lita. Ikishuka chini ya 4, samaki wengi wanaanza kutaabika. Ikishuka chini ya 2, wengi wanakufa.

Sasa kinyesi kinaingiaje hapa? Kinyesi, damu ya machinjioni, mabaki ya chakula na uchafu mwingine wa namna hiyo ni chakula cha bakteria. Bakteria wakikipata wanakula na kuongezeka kwa kasi, na wakati wanakula wanatumia oksijeni. Uchafu ukizidi, wanaimaliza yote. Hapo wanaingia bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, na kazi yao hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Kwa hiyo ukiona maji meusi yananuka hivyo, ujue mto umekabwa pumzi.

Wataalamu wana kipimo cha jambo hili. Wanachukua maji, wanayaweka kwenye nyuzi 20 kwa siku 5, kisha wanapima oksijeni iliyotumika. Tuiite njaa ya oksijeni. Kanuni za Tanzania zinataka majitaka yanayomwagwa mtoni yasiwe na njaa inayozidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka mabichi kutoka majumbani kwa kawaida huwa na mamia ya miligramu. Ndiyo maana lazima yatibiwe kwanza.

BWAWA LINATIBUJE?

Wengi wetu tunadhani mabwawa ya majitaka ni mashimo tu ya kuhifadhia uvundo. Sivyo. Ni mtambo, ingawa hauna mashine nyingi. Wafanyakazi wake ni bakteria, mimea midogo sana ya kijani iitwayo mwani, jua na muda. Kwa nchi ya joto kama yetu ni njia nzuri, maana jua hatulinunui.

Hatua ya kwanza ni chekeche la vyuma. Hapa hunaswa vitu vigumu kama vile matambara, chupa, pedi, mipira ya kondomu na mifuko. Mchanga nao hutegwa utue chini.

Hatua ya pili ni bwawa lenye kina kirefu, mita 2 hadi 5. Ndani yake hakuna oksijeni. Uchafu mzito unazama na kuwa tope, na bakteria wasiohitaji hewa wanaanza kuuvunjavunja. Harufu kali mara nyingi hutoka hapa.

Hatua ya tatu ni bwawa pana lenye kina cha mita 1 hadi 2. Maji yake huwa ya kijani kwa sababu ya mwani. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, na bakteria wanaitumia oksijeni hiyo kula uchafu uliobaki. Yaani wanasaidiana kama mchele na nazi.

Hatua ya nne ni mabwawa ya mwisho, ambayo hayana kina kirefu. Hapa kazi kubwa ni kuua vijidudu vya magonjwa. Jua linawapiga, maji yanabadilika hali kwa sababu ya mwani, na siku zinapita bila vijidudu kupata makao mazuri. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito, yanazama chini mapema.

HESABU KIDOGO

Tuseme majitaka yanaingia na bakteria wa kinyesi 10,000,000 katika kila mililita 100, ambazo ni kama nusu kikombe. Tuseme pia kila bwawa linafanya kazi vizuri na kuondoa tisa katika kila kumi. Bwawa la kwanza litabakiza 1,000,000. La pili litabakiza 100,000. La tatu 10,000. La nne 1,000.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria hao 1,000 kwa mililita 100, wala yai 1 la mnyoo kwa lita. Umeona? Bwawa moja pekee halitoshi. Yanahitajika kadhaa, na kila moja litimize wajibu wake.

Hesabu ya pili ndiyo inayouma. Chukua bwawa la ujazo wa mita 6,000 za maji, linalopokea mita 1,000 kwa siku. Maji yanakaa humo siku 6. Lisipozolewa tope kwa miaka mingi hadi likajaa nusu, maji yatakaa siku 3 tu. Halafu jiji likakua na majitaka yakaongezeka mara mbili. Siku 1 na nusu! Bwawa lipo palepale, ukilitazama kwa mbali ni lile lile, lakini dawa yake kubwa, yaani muda, imekwisha. Maji yanapita tu kama abiria asiyelipa nauli.

Na jiji letu limekua kweli. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Na hao wote wanakwenda chooni.

JIBU LA SWALI LA KWANZA

Kwa hiyo mabwawa yanausafisha mto au yanauchafua? Jibu langu ni kwamba bwawa ni hospitali ya maji. Likiwa zima na lisiposongwa na mzigo, linaukinga mto. Likizidiwa, linakuwa mahali ambapo uchafu wa mitaa mingi unakusanywa pamoja na kutolewa kwa mlango mmoja. Na wakati wa kiangazi, mto unapokuwa na maji kidogo, mlango huo unaonekana sana. Hakuna maji ya kutosha ya kuuzimua uchafu.

Mabwawa ya Vingunguti yana mtihani mwingine. Pamoja na majitaka ya vyooni, yanapokea pia majitaka ya viwanda na mizigo ya magari ya kunyonya vyoo. Tope la choo la gari moja ni zito mara nyingi kuliko majitaka ya kawaida ya bomba. Kemikali za viwanda nazo zinaweza kuwaua wale wale bakteria na mwani tunaowategemea. Na kuna vitu ambavyo bwawa haliwezi kuviua hata kidogo, kwa sababu havina uhai, kwa mfano madini ya risasi, kadimi na kromi. Hivyo sehemu huzama kwenye tope, na sehemu husafiri na maji. Dawa yake ni kiwanda kutibu majitaka yake humo humo kiwandani kabla hayajafika kwenye bomba la jiji.

LAKINI TUSIJISAHAU

Ni rahisi kunyoosha kidole kwenye mabwawa na viwanda. Ila ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa Dar es Salaam ambao vyoo vyao vimeunganishwa na bomba la majitaka. Sisi wengine tuna vyoo vya shimo na makaro. Kinyesi chetu kikubwa hakifiki bwawani kabisa. Kinakwenda wapi?

Niseme ukweli wangu. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa tumepanga chumba bondeni, nyumba moja kaya sita, choo kimoja. Choo kilijaa. Gari la kunyonya lilikuwa ghali, na hata kama pesa ingepatikana, uchochoro ulikuwa mwembamba, lisingepita. Baba mwenye nyumba akangoja mvua kubwa ya usiku, akatoboa ukuta wa shimo kwa chini, yote yakatoka yakaingia mtaroni. Tunaita kutapisha choo. Sisi watoto tulichungulia dirishani tukicheka. Asubuhi mtaro ulikuwa safi kabisa, mvua imeshabeba, na watu wakamsifu mzee kwa ujanja.

Baada ya siku chache mdogo wangu akaanza kuhara maji maji, hadi macho yakaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Mama alimbeba mgongoni akakimbia naye kituo cha afya. Alipona, namshukuru Mungu. Siwezi kuapa kwamba ni kile choo chetu. Lakini kisima tulichochotea kilikuwa hatua chache kutoka kwenye mtaro ule. Tulicheka, kumbe mzigo wetu ulikuwa umerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Kipindupindu kinapenda mchezo huo. Mlipuko mkubwa ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingine. Na mafuriko yanazidisha, kwa sababu yanachanganya choo, mtaro, mto na kisima kuwa kitu kimoja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi wakapoteza makazi.

NA MCHICHA JE?

Sasa nirudi kwa yule kijana wa mchicha. Sikumwambia mama yake aache kulima kesho asubuhi. Angekula nini? Nilimwambia tutenganishe hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni vijidudu na mayai ya minyoo. Hivi vinapunguzika. Mwagilia udongoni, usimwagie majani. Siku kadhaa kabla ya kuvuna acha maji ya mto, tumia ya kisima au ya bomba kama yapo, ili jua limalize vijidudu vilivyoko kwenye majani. Vaa viatu vya mpira ukiwa shambani, maana minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu. Usioshee mboga mtoni kabla ya kupeleka sokoni! Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Na mlaji aoshe kwa maji safi yanayotiririka na kuipika vizuri. Mchicha na matembele yaliyopikwa yakaiva ni salama zaidi kwa vijidudu kuliko kachumbari.

Hatari ya pili ni madini mazito. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima shaba, zinki, kadimi na risasi, na waliyakuta ndani ya mboga. Hapa sina maneno matamu. Madini hayaishi kwa kupika, wala kwa chumvi, wala kwa limau. Yanakaa mwilini taratibu, na risasi inaumiza zaidi ubongo wa mtoto. Mkulima peke yake hawezi kuyaondoa. Anayeweza ni yule anayeyamwaga, na mamlaka yenye kazi ya kumzuia. Mkulima akidai mto safi, hajiharibii biashara. Anaitetea.

Yule kijana aliwaza kidogo akasema, "Basi mama anastahili kuwa wa kwanza kulalamika." Nikamwambia hapo umenena.

KWELI AU SI KWELI?

"Maji ya mto yakitiririka yanajisafisha yenyewe." Ni kweli kiasi. Mto hujisafisha ukipewa uchafu kidogo, nafasi na muda. Msimbazi unapewa uchafu mpya kila baada ya hatua chache.

"Maji yanayoonekana meupe hayana vijidudu." Si kweli. Glasi ya maji meupe kabisa inaweza kuwa na kipindupindu. Chemsha au tumia dawa ya maji.

"Maji ya kijani bwawani maana yake bwawa limeharibika." Si kweli. Kwenye bwawa la tatu na ya mwisho, kijani ni dalili ya uzima. Yakigeuka meusi au ya zambarau, hapo kuna tatizo.

VIJANA TUFANYE NINI?

1. Choo si pipa la taka. Pedi, pampasi, nywele, mifuko na matambara yasitupwe chooni. Yanaziba bomba, chemba inafurika mtaani, na shimo linajaa upesi.

2. Usitapishe choo, na usikubali mwenye nyumba atapishe. Kaya za nyumba moja zichange kidogo kidogo kila mwezi. Choo kikijaa, pesa ya gari ipo tayari. Penye uchochoro mwembamba, ulizieni serikali ya mtaa kama kuna huduma za pampu ndogo zinazopeleka tope mahali palipoidhinishwa.

3. Wale vijana tunaowaita vyura, wanaoingia shimoni kutoa tope kwa ndoo, ni wenzetu. Wanafanya kazi ya hatari ili sisi tuishi. Gesi ya shimo inaweza kuua mtu kwa dakika chache. Anayefanya kazi hiyo anastahili buti, glavu na malipo ya haki, na asiingie shimoni. Afanye akiwa nje.

4. Mkiona gari linamwaga majitaka mtoni au mtaroni, andikeni tarehe, saa, mahali na namba ya gari. Pelekeni serikali ya mtaa, kwa bwana au bibi afya wa kata, au ofisi za serikali zinazosimamia mazingira. Habari yenye namba hujibiwa haraka kuliko lawama.

5. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Ni jambo dogo, lakini linakata njia ya kinyesi kufika mdomoni.

Na ikitokea mtu anaharisha maji maji, usingoje. Mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa juu. Anywe kidogo kidogo huku mnampeleka kituo cha afya.

KAZI YA KLABU

Chagueni kijito kilicho karibu. Nendeni na mtu mzima, mvae buti na glavu, msiingie majini. Simameni sehemu mbili, moja kabla ya mtaro mkubwa unaoingia na nyingine baada yake. Andikeni rangi, harufu, povu na wadudu mnaowaona. Mkiona samaki wadogo au watoto wa kereng'ende, mto bado unapumua. Mkiona viluwiluwi vyekundu vyembamba kama uzi tu, oksijeni ni haba. Rudini kila mwezi. Baada ya mwaka mtakuwa na daftari ambalo hata diwani atapenda kuliona.

Daftari kama hilo lina kazi kweli. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ili kupunguza mafuriko na kulipanga upya bonde. Mitaro na madaraja ni habari njema. Lakini mto uliopanuliwa bila kusafishwa utatuletea uchafu ule ule kwa njia pana zaidi. Tuulize mapema, tukiwa na takwimu mkononi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Choo cha nyumbani kwenu kikijaa, tope linakwenda wapi? Nani anajua?

2. Kwa nini bwawa lililojaa tope linashindwa kuua vijidudu ingawa bado lina maji?

3. Mkulima wa bondeni, mwenye kiwanda, mwenye nyumba na serikali: nani aanze? Mgawane nafasi hizo, muigize mkutano wa mtaa.

Siku ile tulipoondoka, yule kijana wa mchicha alirudi ukingoni akawapigia kelele wale watoto watatu, "Tokeni humo! Nendeni mkaoge bombani!" Walimtazama, mmoja akamjibu, "Bombani hakuna maji, kaka." Basi na hilo nalo tuliweke kwenye daftari.

Tukutane toleo lijalo.